Mpelelezi Mwenye Msiba



Katika vibanda vya video vya Baraka na Uvira, na siku hizi ndani ya simu zenu, yuko mtu mmoja mnayemfuata kwa hamu kubwa: askari mpelelezi wa mji mkubwa, aliyefiwa na mke au mtoto, anayezunguka mtaani usiku akimtafuta mwuaji wa mtu mwingine. Koti lake limelowa, chakula hakimpiti kooni, wakubwa zake wanamwambia apumzike naye anakataa. Mwishoni anampata mwuaji, na mara nyingi humwua kwa mkono wake mwenyewe, nanyi mnapiga makofi. Sisi tuliofundisha katekisimu na shule kwa miaka mingi katika upande huu wa ziwa tumeyasikia makofi hayo, na ndiyo yaliyotufanya tuandike. Hatuna ugomvi na sinema yenyewe. Ugomvi wetu ni na zile dakika tano za mwisho.

Maana sinema hiyo inauliza swali la kweli. Je, mtu mwenye uchungu anaweza kutafuta ukweli wa kifo? Wengi hujibu haraka kwamba haiwezekani, kwa kuwa machozi hufunika macho. Hata sheria yetu inamruhusu mshtakiwa kumkataa hakimu mwenye undugu na mmoja wa wanaoshtakiana, na sheria hiyo ni nzuri. Lakini hapa Fizi swali lina sura nyingine. Ukisema wenye msiba wote waondoke kwenye kazi ya upelelezi, atabaki nani?

Tuangalie Makobola. Tangu tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, watu waliuawa Makobola ya Pili, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu uliotendeka katika nchi yetu kati ya 1993 na 2003, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, inasema waliouawa walizidi 800, wengi wao wanawake na watoto. Inawataja askari wa RCD, wa jeshi la Rwanda la wakati ule na wa jeshi la Burundi. Katika ripoti hiyo Makobola ni tukio moja kati ya 617. Nayo yenyewe inakiri kwamba si upelelezi wa mahakama: walioiandika walikusanya kile kinachotosha kumfanya mwendesha mashtaka aanze kazi, wakaishia hapo. Mwendesha mashtaka huyo hajafika bado. Mpaka leo hakuna mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu kwa ajili ya wale waliolala kando ya barabara ya kwenda Uvira.

Kwa hiyo, vijana, mnapotazama filamu ya mpelelezi mwenye msiba, mnatazama kitu ambacho wazazi wenu wamekiishi kinyume chake. Msiba walikuwa nao, mpelelezi hawakuwa naye. Waliokusanya miili, waliokumbuka ni nani alilala katika nyumba ipi, waliojua ni mlango upi uliofungwa kwa nje, walikuwa ni baba, dada na wajomba wa marehemu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu mfiwa alianza, na wa mbali hakuingia.

Tuseme pia neno juu ya askari wetu wa hapa, kwa kuwa mnapenda kumcheka. OPJ wa kwetu si yule mwenye gari na taa ya buluu. Mara nyingi hana pikipiki, wala mafuta, wala karatasi ya kuandikia PV. Jamaa ya marehemu ndiyo inayotafuta nauli ya kumpeleka mahali mwili ulipookotwa, na umaskini huo unafungua mlango wa rushwa ambayo hatuifichi wala hatuitetei. Lakini jambo moja husahauliwa: OPJ huyo naye amezaliwa hapa. Naye alikimbia vita, wengine wakavuka mpaka kambi za Tanzania na kurudi. Ni vigumu kumpata askari wa umri wetu katika eneo hili asiye na kaburi la mtu wake lisilojulikana lilipo. Anapoinama juu ya mwili wa kijana aliyekatwa panga nyuma ya soko, hamtazami mtu mmoja tu.

Je, kufiwa huko kunamzuia kufanya kazi? Tunaye mfano wa kutujibu, na si wa sinema ya kubuni. Koloneli Honorine Munyole aliongoza mjini Bukavu kikosi cha polisi cha kulinda watoto na kupambana na ubakaji. Watu walimwita Mama Koloneli. Alikuwa mjane, mwenye watoto saba nyumbani, watatu kati yao wakiwa wa kulea. Alipohamishiwa Kisangani, Dieudo Hamadi, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa katika mji huo, alimfuata na kamera yake. Filamu ikatoka mwaka 2017. Kule Kisangani walimjia wanawake wasiokuwa katika mpango wake wa kazi. Walikuwa wajane na wahanga wa Vita vya Siku Sita, vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji na kuua mamia ya raia. Walikuwa wamekaa na jambo hilo zaidi ya miaka kumi na mitano bila mtu wa serikali kuketi na kuwasikiliza. Yeye aliketi. Akawasikiliza, akauliza, akaandika.

Tunaamini mjane yule aliwasikia wajane wale kwa namna ambayo mtu mwingine asingeweza, ingawa ujane haukumfundisha kazi ya polisi. Hiyo alijifunza kama wengine wote wanavyojifunza. Uchungu ulimpa subira ya kusikiliza hadithi iliyosemwa vipande vipande, yenye kurudi nyuma na kunyamaza katikati. Mtu asiyefiwa huchoka na masimulizi ya namna hiyo, hutaka tarehe na saa, husema, "Mama, endelea." Mwenye msiba hujua kwamba kunyamaza kule ni sehemu ya ushahidi.

Basi, hukumu yetu ni kwamba uchungu wenyewe si adui wa ukweli. Adui wa ukweli ni haraka. Tunazo habari mbili za jimbo letu zinazoonyesha uchungu unavyogeuka pale unapokosa subira.

Ya kwanza ilitokea Fizi mjini. Siku ya Mwaka Mpya wa 2011 ugomvi ulizuka kati ya askari na raia, na askari mmoja akauawa na umati. Umati ule haukumpeleka popote, ulimhukumu pale pale. Na wenzake askari, waliokuwa na msiba wa kweli, hawakuuliza ni nani katika umati aliyepiga. Usiku ule walishuka mjini wakaulipiza mji mzima, na walioadhibiwa walikuwa wanawake, makumi kadhaa yao, ambao hawakuhusika na ugomvi hata kidogo. Tazameni mfuatano wake: watu walikasirika wakaua bila kuuliza, wengine wakalia, wakabaka bila kuuliza. Kila upande ulikuwa na sababu ya kulia, na kila upande ulijiona umetenda haki.

Kilichofuata tunapenda kukisimulia kwa sababu hakisimuliwi vya kutosha. Mahakama ya kijeshi inayosafiri ilifika Baraka mwezi Februari. Wanawake 49 walitoa ushahidi wao, wengi wakiwa wamefunika nyuso, wakieleza walikuwa wapi na walimtambua nani. Tarehe 21 Februari 2011, chini ya miezi miwili tangu usiku ule, Luteni Koloneli Kibibi Mutware, aliyekuwa mkuu wa askari wale, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Maafisa wengine watatu walipata adhabu kama yake. Wako waliohukumiwa miaka michache zaidi. Na mmoja aliachiliwa kwa kuwa hatia yake haikuthibitishwa. Twawaomba msilipite haraka jambo hili la mwisho. Mahakama iliyoweza kumwachilia huru mtu mmoja kati ya wale waliochukiwa na mji mzima ndiyo inayotufanya tuamini hukumu za wengine. Umati haujawahi kumwachilia mtu.

Ya pili ni ya Bukavu, nayo inauma kwa namna nyingine. Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, alipigwa risasi jioni ya tarehe 13 Juni 2007 mtaani, akiwa pamoja na rafiki zake wawili. Jambo lilikuwa kubwa, redio za dunia zilitangaza, na wakubwa walitaka majibu upesi. Mwezi Agosti majibu yakapatikana: mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu kadhaa, na miongoni mwao walikuwamo marafiki wale wale wawili waliomwona akifa. Mwezi Mei mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliwatoa gerezani, bila hatia. Hebu fikirini. Mtu anamlilia rafiki yake, na machozi hayajakauka anaambiwa yeye ndiye mwuaji. Mwaka 2008, mwezi Novemba, mwandishi mwingine wa redio hiyo hiyo, Didace Namujimbo, aliuawa mjini humo humo, jioni vile vile, akirudi nyumbani. Upelelezi wa pupa unamwumiza asiye na hatia, na mwenye hatia unamwacha akitembea mtaani.

Sasa tuje katika mitaa yenu, maana hatukuandika haya ili mjue historia tu.

Kijana anakufa ghafula. Pengine ni homa, pengine sumu, pengine amepatikana asubuhi ufukweni na jeraha la kichwa. Matanga yanawekwa. Usiku wa pili, moto umewashwa, ndipo mmoja anaanza kutaja jina. Karibu kila mara ni jina la mama mzee anayeishi peke yake, au la mgeni aliyehamia hivi karibuni, au la mtu wa kabila jingine. Hakuna aliyeona kitu. Lakini wako wenye msiba, liko giza, na wapo vijana wenye nguvu ambao wamekosa la kufanya kwa siku mbili. Mnajua kinachofuata. Nyumba za nyasi huwaka upesi. Na tuseme bila kuzungukazunguka: katika makundi ya namna hiyo wamo vijana wetu, wabatizwa, wengine waimbaji wa kwaya, na wengine huvaa skafu ya Kiro au ya Xaveri siku ya Dominika.

Mtasema polisi hawaji, na wakija wanamwachia mwenye fedha. Mara nyingi ni kweli, wala hatutawaambia si kweli. Lakini tunauliza: umati umewahi kumkamata mwuaji wa kweli mara ngapi? Mwuaji wa kweli yuko palepale matangani, anakula ugali na nyinyi, na jina lililotajwa kando ya moto pengine ni yeye aliyelitaja kwanza. Mzee akishachomwa, faili limefungwa. Hakuna atakayeuliza tena kijana wetu alikufaje. Yaani kwa kumlipiza kisasi marehemu, mmemnyima mpelelezi wake wa mwisho.

Katika Maandiko yuko mpelelezi mmoja ambaye ni kijana kama nyinyi, na tunashangaa kwamba hatajwi zaidi katika mafundisho ya vijana. Ni Danieli, katika habari ya Susana, inayopatikana mwishoni mwa kitabu chake katika Biblia zetu za Kikatoliki. Wazee wawili wenye heshima walimshitaki mwanamke kwa uongo, mkutano ukawaamini, na hukumu ya kifo ikatolewa. Danieli hakuishia kupiga kelele kwamba wazee wamesema uongo. Aliomba kesi irudiwe, akawatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake swali dogo: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja alitaja mti huu, mwingine mti ule. Kesi ikaisha. Hakuwa na silaha wala cheo. Alikuwa na swali moja lililoulizwa mara mbili, mahali pawili. Maofisa wa polisi wa dunia nzima hutumia njia hiyo hiyo mpaka leo.

Na katika Kumbukumbu la Torati mko agizo ambalo wengi hulisoma wakapita. Mtu akikutwa ameuawa shambani na aliyemwua hajulikani, wazee hutoka wakapima umbali kutoka pale alipolala mpaka miji inayozunguka, na mji ulio karibu zaidi ndio unaosimama mbele ya Mungu na kujibu. Haisemwi kwamba mji huo umeua. Unapewa mzigo wa kujibu, kwa kuwa maiti isiyo na mwenye kujibu ni aibu ya nchi nzima. Tukipima leo kutoka makaburi ya Makobola, mji ulio karibu ni upi? Ni sisi.

Wako wanaotuambia kwamba baada ya zaidi ya miaka ishirini na mitano kazi hii haina faida, watu wajenge, wasahau. Tunaheshimu uchovu wao, ila hatukubaliani nao. Tena tuna sababu iliyo mbali na hisia. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliamua fidia ambayo Uganda inapaswa kuilipa Kongo kwa vita vya 1998 hadi 2003. Nchi yetu ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipewa dola milioni 325. Nchi ilitaja vifo 180,000. Majaji walisema ushahidi uliowekwa mbele yao hauwezi kubeba hesabu hiyo, wakakadiria vifo kati ya 10,000 na 15,000. Marehemu walikuwa kaburini, lakini majina, vyeti, maandishi ya zahanati na ushahidi uliotiwa sahihi havikuwako mezani. Mtu aliyekufa bila kuandikwa alikufa mara ya pili katika chumba kile cha mahakama. Na sheria ya Kongo ya tarehe 26 Desemba 2022, iliyoweka mfuko wa fidia kwa wahanga wa ubakaji wa vitani na wa uhalifu dhidi ya amani na ubinadamu, haitamfikia mjane wa Katuta kama hakuna karatasi inayosema alikuwa mjane wa nani.

Kuna jambo gumu zaidi, na tumejadiliana sana kama tuliandike. Tarehe 13 Agosti 2004, usiku, katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba, ng'ambo ya mpaka upande wa Burundi, watu zaidi ya 150 waliuawa, walio wengi wakiwa Banyamulenge waliokimbia kutoka Kivu ya Kusini. Nao hawana hukumu mpaka leo. Nao wana siku yao ya kukumbuka, na majina yao, na wajane wao. Tunajua kwamba wako wasomaji wetu ambao, wakisoma sentensi hizi karibu na jina la Makobola, watakunja uso. Wengine wa upande wa pili watakunja uso kwa sababu tulianza na Makobola. Lakini mpelelezi anayestahili jina hilo ana meza moja, na mafaili yote mawili yako juu yake. Mwuaji ana jina, ana cheo, ana mtu aliyempa amri. Kabila halina alama za vidole. Mtu anayesema "wao walituua" hajaanza upelelezi. Anayesema "alikuwa mkubwa wa kikosi fulani, alisimama penye mwembe, alitoa amri kwa lugha fulani, na fulani alisikia" ameuanza, hata kama machozi yanamtiririka.

Kikundi cha vijana kinaweza kufanya nini? Kazi ya OPJ si yenu, wala msijifanye askari. Lakini mwili ukipatikana mtaani, mnaweza kusimama mzingo na kuwazuia watu wasikanyage wala wasiokote kitu mpaka afisa afike, na mkaandika ni nani alikuwa wa kwanza kuuona. Matangani mnaweza kuketi karibu na ule moto, na jina linapotajwa mkauliza kwa sauti: nani aliona? Mnaweza kumsindikiza mjane mpaka parke, wawili au watatu, maana aliyesindikizwa haombwi pesa kirahisi kama aliyekuja peke yake, na mkarudi naye tena anapoambiwa arudi wiki ijayo. Kwa mashahidi wa ubakaji fanyeni tofauti: msiwahoji kamwe, wapelekeni kwa waliofunzwa.

Na kwa Makobola, muda unatukimbia. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi usiku ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Waliokuwa wazee wakati ule wengi tumekwisha kuwazika. Kila mwaka, watu wanapokusanyika mwishoni mwa Desemba kuwakumbuka waliouawa, nafasi zilizokuwa za wazee zinakaliwa na wajukuu. Twaomba kila kikundi kilicho kati ya Kalundu na Baraka kichague, kabla ya Desemba hii, wazee wawili au watatu, kwa ridhaa yao, na kumwendea kila mmoja peke yake. Mwendeeni mchana, asiwe na watu wanaomdokezea. Andikeni jina la marehemu, la baba yake, umri wake, nyumba aliyokuwamo, nani alikuwapo, nani aliuona mwili na ulizikwa wapi. Someni mliyoyaandika mbele yake, mzee akisahihisha, sahihisheni. Nakala mbili: moja ibaki katika jamaa, moja iwekwe parokiani penye kufungwa kwa ufunguo. Akinyamaza katikati ya masimulizi, wekeni kalamu chini mngoje.